Tofali Lenye Mistari Miwili

Mgeni aliingia kijijini kwetu mchana kweupe, kwa miguu, na viatu vyake havikuwa na vumbi. Asiyetujua ataona hilo jambo dogo. Sisi ni watu wa matofali. Udongo wetu ni mwekundu na hauchagui: umo kwenye chumvi, umo kwenye mikunjo ya shingo za wazee, na mbuzi mweupe kwetu hamalizi wiki akiwa mweupe. Yule bwana alikatiza katikati ya uwanja wa tanuri, watu wakiwa wanakanyaga udongo kulia na kushoto, akatokea upande wa pili na viatu vinang'aa kama vimetolewa kwenye boksi sasa hivi. Begani alibeba bapa la jiwe jeusi, upana wa sinia. Mkononi, ndoo tupu.

Akaomba mkutano. Mwenyekiti wetu hajawahi kukataa mkutano tangu azaliwe, akauitisha palepale.

Mgeni alisema atatujengea zahanati mahali ilipoanguka ile ya kwanza. Mabati, vitanda, mkunga, vyote juu yake. Hataki mchango wala nguvukazi. Anataka jina. Alijua, na hatukujua kajuaje, kwamba miaka kumi na moja iliyopita ukuta wa zahanati yetu ulimwangukia mkunga wetu akiwa ndani anapima kwa hatua pa kuweka kitanda cha wazazi. Lile jiwe, alisema, litakaa mlangoni, limechongwa jina la aliyemuua.

"Jumamosi mchana nitachonga jina ambalo nyumba zote arobaini zimelikubali," alisema. "Nyumba moja ikikataa, hakuna zahanati."

Watu wakashusha pumzi. Walidhani ataomba kitu kigumu. Jina lilikuwepo siku nyingi, kila mtu analo mdomoni. Lilikuwa jina la kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi mwashi, yeye ndiye aliyeujenga ukuta ule. Ulipoanguka walimpiga kwa mipini ya majembe kabla hata marehemu hajaoshwa, akaondoka na shati la mkono mmoja, miaka yote hiyo hakuonekana. Mama yetu anaishi nami. Kila Ijumaa alikuwa anautoa mwiko wa kaka chini ya mto wake, anaupaka mafuta usishike kutu, anaurudisha. Ukimuuliza anakwambia chuma nacho kina haki ya kutunzwa. Mimi nilikuwa na hakika kwamba siku moja kaka atarudi kuuchukua. Lakini mtu hawezi kurudi kwenye kijiji ambacho jina lake limechongwa mlangoni kama la mbwa mwenye kichaa. Jiwe lile likisimama, mama atakufa akipaka mafuta chuma.

Hapa kijijini wananiita Redio. Kusoma nilijifunza kwa vipande vya magazeti vilivyofungia sabuni, na nikishasoma kitu hakitoki. Nakumbuka nani alisema nini katika mkutano gani, alivaa nini na nani alimpigia makofi. Watu hawapendi. Nikitokea kisimani mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Kwa hiyo habari ya ukuta ule naijua yote, na nitaisema yote.

Tanuri huchomwa siku tatu, usiku na mchana, moto usilale. Tanuri la zahanati lilitengewa magogo mia tatu. Kila nyumba ilileta yake, yakapangwa nyuma ya tanuri, rundo refu kuliko nyumba ya Mwenyekiti. Na matofali yake tuliyatia alama yangali mabichi, mistari miwili ya vidole, ili mtu asije akayachanganya na ya kwake. Siku ya pili jioni kuni zikaisha. Hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Zilikwenda majikoni. Huyu gogo moja, yule mawili, kila mmoja akiliangalia rundo na kusema moyoni kwamba kubwa vile haliwezi kuhisi.

Mwenyekiti akatangaza moto umetosha. Kaka akachukua tofali akaligonga kwa kijiko. Tofali lililoiva hulia kama kikombe cha bati. Lile lilijibu kama goti. Kaka akasema hili bichi ndani. Mwenyekiti akasema wakubwa wa kuja kufungua wameshaalikwa na nguo za sherehe zimeshashonwa, jenga. Na kaka akajenga. Hilo nalo silifichi. Alijua, akajenga. Mvua ya kwanza ikamaliza kazi.

Baada ya mazishi matofali ya ukuta yakaanza kutembea. Hakuna aliyeonekana akiyabeba, lakini ingia nyumba yoyote kwetu utayaona: kizingiti, kinyanyulio cha mtungi, kigoda cha bibi. Mistari miwili ya vidole kila mahali. Kijiji kizima tunakalia ushahidi.

Mgeni alianza kupita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nasikia vicheko. Kwa fundi cherehani alikula, kwa Mwenyekiti alikula mara mbili. Kote walimpa jina lilelile bila kupepesa macho, na wengine wakaongeza chumvi: kwamba kaka alikuwa mlevi, kaka ambaye hata chai nzito ilikuwa inamlevya.

Alhamisi akaja kwangu. Nilikuwa uani natoa tofali kwenye kalibu, mikono imejaa tope. Sikumpa kiti. Akaigeuza ndoo yake akaikalia.

"Wewe utakataa," alisema.

"Nitakataa."

"Basi watakosa zahanati kwa ajili yako."

Nikamwambia hilo nimeshaliwaza. Wanawake wetu wanapelekwa kujifungua wamefungwa kwenye baiskeli, mwendo wa saa nne. Wawili mwaka huu hawakufika. Najua nitakavyoitwa.

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia mboga zilizoungua. Kisha akasema kwa upole kwamba ipo njia nyingine. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisema mwenye kosa ni Mwenyekiti. Nimpe jina la Mwenyekiti. Yeye mwenyewe atazungumza na zile nyumba nyingine. Ameshazionja, hazina uzito, zitamgeuka Mwenyekiti kabla ya Jumamosi na kudai ndivyo zilivyosema siku zote. Kaka atakuwa safi. Mama atamwona mwanawe. Zahanati itasimama. "Na wala hutakuwa umesema uongo," alisema. "Si alitoa amri?"

Alitoa. Nakiri mate yalinijaa mdomoni. Niliona jina lile kwenye jiwe, herufi kwa herufi, na mimi ndiye ninayewasomea wasiojua kusoma, kila asubuhi, kwa sauti.

Mgeni akasimama, akachukua ndoo yake. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi na alikuwa anatazama chini ya kitanda.

"Una kumbukumbu ndefu, dada yangu," alisema. "Haina tundu?"

Akaenda. Viatu safi.

Miguu ya kitanda changu imenyanyuliwa kwa matofali manne. Kila moja lina mistari miwili.

Tundu lenyewe ni hili. Wiki ile ya tanuri baba yetu alikuwa anakufa, na alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kikombe hakikai mkononi. Nilichukua magogo sita. Matatu siku ya kwanza, matatu ya pili. Gogo la mwisho nikiwa nalo kichwani nilikutana na kaka uso kwa uso kwenye kichochoro cha tanuri. Alilitazama lile gogo, akanitazama, akasogea ukutani nipite. Na siku walipompiga, Mwenyekiti alimuuliza mbele ya watu wote aseme kwa nini matofali yake hayakuiva. Kaka angeweza kusema kuni ziliibiwa. Alifungua mdomo. Akaniona nimesimama kwenye kundi, akaufunga. Mdomo wangu mimi ulikuwepo, ndio huuhuu wa Redio, na siku hiyo haukutoa hata mkwaruzo.

Ijumaa mama akapaka mafuta mwiko. Nikakaa karibu naye nikamwambia yote. Alimaliza upande mmoja, akageuza wa pili. "Najua," alisema. "Moto wa baba yako nilikuwa naota na mimi." Kisha akaniuliza kesho nitasimama wakati gani, mwanzo au mwisho, maana anataka kuvaa viatu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Jiwe lilikuwa juu ya meza ya shule, patasi pembeni, na ndoo ya mgeni imejaa maji. Mwenyekiti akahesabu mikono, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya mtu anayegawa nyama. Thelathini na tisa. "Imebaki Redio," alisema, na watu wakacheka. Mmoja akasema leo betri zimekwisha.

Nikaenda mbele na tofali la chini ya kitanda changu. Nikawaonyesha mistari miwili, nikalipasua kwa nyundo. Nje lilikuwa jekundu. Ndani lilikuwa na rangi ya udongo tunaoukanyaga kila siku. Nikatumbukiza nusu kwenye ndoo, na wakati naongea maji yalikuwa yanatoa mapovu kama yanayochemka.

"Nilichukua magogo sita," nilisema. "Baba alikuwa anasikia baridi. Kaka yangu aliniona, akanyamaza, na mlipompiga akanyamaza tena kwa ajili yangu. Mwenyekiti aliamuru kujenga na moto haujatosha. Kaka alijua na akajenga. Jina langu liandikwe kwanza, halafu hao. Halafu kila mwenye mistari miwili nyumbani kwake aje aandikishe magogo yake. Jiwe halitatosha, lakini tuanze."

Yakaja matusi. Mwenyekiti akasema huyu mwanamke anauza zahanati yenu kwa ajili ya ndugu yake. Binti mmoja mwenye mimba kubwa akaniuliza, bila kelele, yeye akajifungulie wapi. Nilimwambia sijui. Nilimwambia ila siyo chini ya ukuta mwingine wa uongo. Hakuridhika, na ana haki.

Ndipo aliposimama mshona viatu, mume wa marehemu mkunga. Huyu tangu msiba haongei mikutanoni. Hata jina la kaka alikuwa analikubali kwa kunyoosha mkono tu. Alikuja taratibu, akachungulia ndoo. Tofali langu lilikuwa limeshakuwa uji.

"Mimi mawili," alisema. "Nilimletea yeye. Akayapikia." Akapangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Kila siku nilipokubali jina la yule kijana nilikuwa nayafikiria yale mawili."

Baada yake wakaja wengine, na nisiongope: nyumba saba tu. Saba kati ya arobaini. Bibi mmoja alikuja na kigoda chake cha tofali, akakibwaga kwenye ndoo maji yakaruka. Waliobaki walikuwa wanatazama miguu yao. Mwenyekiti aliaga kwamba ana mgonjwa, na hakuna aliyemuuliza ni nani.

Mgeni hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Alimwaga tope la ndoo chini, likamrukia viatuni, likaganda. Akaondoka na ndoo yake kwa njia aliyojia, viatu vyekundu kama vya mtu yeyote wa kwetu. Jiwe aliliacha mezani, halina hata mkwaruzo. Siku ya pili Mwenyekiti alianza kueleza kwamba yule alikuwa tapeli na yeye alimshtukia mapema. Nimeihifadhi hiyo nayo, na tarehe yake.

Zahanati tukaamua kuijenga wenyewe. Tulianza nyumba nane na yangu. Leo ni kumi na tisa, baadhi kwa aibu, baadhi kwa kuchoshwa na mdomo wangu, na sichagui sababu ya mtu. Yule binti alijifungulia kwa mama mkwe wake, salama, na wiki ya tatu alikuja kukanyaga udongo na mtoto mgongoni. Hanisalimii. Anakanyaga.

Kaka nilimwandikia barua tatu. Ya tatu ilimleta. Alifika asubuhi, nywele zimeota mvi, akamshika mama mikono yote miwili, akapokea mwiko, akaujaribu uzito. Mimi nilianza maneno niliyoyapanga miaka yote. Akanikatiza.

"Kuni ziko wapi, mdogo wangu?"

Nikampeleka nyuma ya tanuri. Magogo mia tatu, yamepangwa, zamu za kuyalinda zimegawanywa, mimi mwenyewe nimeyahesabu jana yake. Watu wakasogea kumtazama. Kaka alizunguka rundo akigusa ncha moja moja kwa mwiko, midomo inachezacheza. Alipomaliza akarudia upya.

"Hapa pamepungua manne," alisema.

Nikageuza macho kwa mshona viatu, yeye kwangu. Nikaanza kutafuta kwenye kundi nani leo kawahi mapema, nani hatazami mbele. Na wakati nawapekua watu kwa macho, mama akakohoa.

"Mwanangu," alisema, "umetembea siku mbili. Ungeogea maji ya baridi?"

Kaka alimtazama. Nikaona kichochoro kilekile usoni mwake, na gogo kichwani kwangu, na yeye akisogea ukutani.

Safari hii hakusogea.

"Nitaoga ya baridi, mama," alisema. "Rudisha."

Mama akaenda. Alirudi na magogo manne, mawili mawili, akinung'unika njia nzima kuhusu watoto waliokosa adabu wakirudi kutoka mbali. Hatukumsaidia. Alilipanga la mwisho mwenyewe, akalipiga kofi likae sawa, na kaka akaomba kiberiti.