Maji Yaliyomkimbia Bi Verlene

Kila Jumatano saa tano asubuhi Cornell Gatlin huegesha gari lake la abiria sita mbele ya nyumba ya shangazi yake, huku kwetu Upande wa Magharibi, na kuwafungulia wageni mlango. Hapo wageni huwa wameshazunguka vya kutosha. Wameona uwanja ambako mabango ya taa ya kasino zilizokufa yamelazwa mchangani, ukumbi wa mashine za zamani za kurusha gololi, na bonde kavu ambalo zamani lilikuwa na chemchemi, kabla mji haujazinywa zote. Kipeperushi cha Cornell kimeandikwa "Las Vegas Usiyoambiwa". Kituo cha nne ni shangazi yake.

Bi Verlene, mwenye miaka sabini na minane, huwa amekaa jikoni na beseni la plastiki mbele ya miguu yake. Cornell hulijaza maji. Bi Verlene huvua kandambili, hutumbukiza mguu wa kulia, na maji huondoka. Hayamwagiki wala hayatoi sauti. Yalikuwepo na sasa hayapo, na beseni limebaki kavu kama sahani ya kabatini. Wageni hupiga picha. Siku zote hutokea mmoja anayeomba arudie kwa sababu simu yake haikuwa tayari, naye hurudia. Kisha wanakula pai ya viazi vitamu na kurudi garini.

Ameishi hivyo tangu mwaka 1955. Maji humkubali kwa glasi na kwa kitambaa cha kujifutia, ila akiyaingia tu yanamkimbia. Hajawahi kukaa kwenye hodhi la kuogea. Watoto wa mtaa walipocheza kwenye bomba la zimamoto lililofunguliwa, yeye alikaa barazani, kwa sababu wangemlaumu.

Chanzo chake kinajulikana na hakuna anayekibishia. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Odessa, alitoka Tallulah kule Louisiana kuja kufua mashuka kwenye hoteli kubwa ya kasino, na kama wenzake wote weusi aliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni. Siku moja ya Agosti alimleta mtoto kazini. Mtoto aliona bwawa, akachovya mguu mmoja, wa kulia, hadi kifundoni. Meneja aliagiza maji yote yamwagwe na bwawa lisuguliwe. Kazi ilichukua saa nne, na wageni walikaa pembeni na taulo mapajani wakingoja. Odessa alifukuzwa jioni ile. Tangu wakati huo maji hayakungoja tena kuagizwa na mtu.

Yanakokwenda pia kunajulikana. Mwaka wa sabini na moja Bi Verlene alitaka kubatizwa. Kanisa letu huzamisha mtu mzima mzima, nywele na visigino, na aliyebakiza hata kidole hajabatizwa. Aliposhuka kwenye kisima cha ubatizo, maji yakaondoka, yakaondoka pia na karatasi ya nyimbo ya shemasi iliyokuwa imeangukia humo. Kesho yake binamu yake, aliyekuwa akisafisha bwawa la ile hoteli, aliikuta karatasi inaelea. Tangu hapo tukajua. Wenye hoteli nao wakajua, kwa kuwa kina cha bwawa lao kilipanda kila Bi Verlene alipojisahau. Humpelekea paja la nguruwe la kuokwa kila Krismasi, na kadi isiyo na jina la mtu.

Walijaribu kumbatiza mara nne zaidi, chini ya wachungaji watatu. Wanawake wa kanisa walimwambia mstahimilivu hula mbivu. Alistahimili hadi akachoka kabisa. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka jinsi mtu anavyochoka kusimama kwenye foleni ambayo dirisha lake limefungwa. Lakini mwezi wa saba mwaka huu daktari alimwambia moyo wake hautafika mbali, na usiku huohuo alimpigia Cornell. Akamwambia Odessa alizamishwa mtoni akiwa na miaka kumi na miwili. Yeye hataki kwenda kukutana na mama yake akiwa mkavu.

Jumatano iliyofuata bibi mmoja mgeni, mkulima wa mahindi kutoka Ohio, alitazama beseni likikauka na hakupiga picha. Aliuliza kama kuna siku Bi Verlene aliyafuata maji yanakokwenda.

Miaka sitini na tisa, na katika mtaa mzima hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Hoteli ilifungua mlango wake wa mbele kwa watu weusi tangu mwaka wa sitini. Ilibomolewa kwa baruti mara mbili na kujengwa upya mara mbili, huku watu wakikaa mapaani na vinywaji kutazama vumbi, na bwawa likaachwa palepale. Lakini sisi tulizoea mlango wa jikoni, na mazoea yana taabu. Mtu hawazi kwenda kudai mahali ambapo hata kuingia hakumjii akilini.

Bwawa ni la waliopanga chumba tu, basi Cornell alipanga chumba kwa usiku mmoja. Jumamosi saa nane mchana alimchukua shangazi yake pamoja na Mchungaji Prentiss Boykin. Joto lilikuwa digrii mia na kumi na mbili kwa kipimo cha Fahrenheit, la kawaida kwa Julai. Bi Verlene alivaa kanzu nyeupe ya ubatizo iliyokunjwa kabatini tangu sabini na moja.

"Shangazi, umependeza utadhani unaenda kuolewa," Cornell alisema.

"Aliyekuwa anioe nimeshamzika. Endesha gari."

Walipofika, miguu ya Bi Verlene ilikata kona yenyewe kuelekea nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka na mlango wa jikoni. Cornell alimshika kiwiko akamgeuza. Wakapita mbele, katikati ya mashine za kamari, na mlinzi akawafungulia mlango wa kioo na kuwatakia siku njema.

Bwawani palikuwa na muziki na watu kama thelathini. Bi Verlene alivua viatu akaviweka sambamba kwenye kigae. Akashika mkono wa mchungaji na kutumbukiza mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza. Wote watatu waliutazama ule mguu.

"Yapo," Bi Verlene alisema.

"Yapo, mama," mchungaji alijibu.

Alishuka ngazi ya pili, na ya tatu. Maji hayakwenda popote, kwa kuwa pale ndipo yalipokuwa yakienda. Yalinukia sabuni yake ya jikoni, na kwa mbali mbao kuukuu za kisima cha kanisa. Yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Alifumba macho. Cornell alikuwa hajawahi kuona kanzu ya shangazi yake ikielea, akageuka pembeni, kwa maana alikuwa analia na hakutaka kumharibia shughuli.

Wageni waliokuwa majini walitoka, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa na mtu. Walitoka kwa adabu. Mmoja alisema habari za mchana. Wakakaa kwenye viti na taulo mapajani.

Ndipo alipokuja msimamizi wa bwawa, mwanamke wa makamo mwenye beji iliyoandikwa Colleen. Aliwakaribisha, akaangalia kadi ya chumba, akawashukuru kwa kuchagua hoteli yao. Kisha akasema anasikitika sana, lakini nguo zile haziruhusiwi majini.

"Haya ni mavazi ya ubatizo," mchungaji alimweleza.

"Naelewa, baba, na yamependeza. Lakini kanuni inasema pakiingia kitu kisichoruhusiwa, maji yote yanamwagwa na bwawa linasuguliwa."

Cornell alimuuliza nani aliandika kanuni hiyo. Colleen alisema hajui, ameikuta. Imo kwenye kitabu tangu hoteli ya kwanza, na katika hoteli zote tatu hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuibadilisha.

"Basi tupe dakika kumi, dada yangu. Kumi tu."

"Ningewapa hata thelathini," Colleen alisema, na alimaanisha. "Ila nimeshabonyeza. Pampu ikishawaka haizimiki."

Bi Verlene aliisikia ile sauti kutoka chini ya kigae. Mchungaji naye aliisikia, akataka kuruka moja kwa moja hadi kwenye maneno ya mwisho.

"Soma yote," Bi Verlene alimwambia. "Sikungoja miaka hii yote nije kubatizwa nusu."

Kwa utaratibu wa kanisa letu kuna kusoma, kisha kuna maswali matatu, na kila swali hujibiwa kwa sentensi nzima. Mchungaji alisoma. Pampu za hoteli za kasino ni mpya na hazipotezi muda. Swali la kwanza lilijibiwa maji yakiwa kiunoni, la pili yakiwa mapajani. Alipojibu la tatu, kwamba anaamini kwa moyo wake wote, yalikuwa kwenye vifundo vya miguu na yanaelekea tundu la katikati.

Aliyafuata. Alitembea kwenye kile kigae cha buluu hadi kwenye tundu, akapiga magoti, kisha akalala chali katika maji ya kina cha kiganja. Mchungaji alipiga magoti kando yake na suti yake. Cornell aliruka ndani na viatu.

Walimlowesha kipande kwa kipande. Mgongo ulilowa wenyewe. Wakamgeuza ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kifudifudi, naye akauzamisha uso na kukaa hivyo hadi pumzi ikamwishia. Cornell alichota kwa viganja akamwagia kisogoni na katikati ya vidole vya miguu. Wageni waliokaa kwenye viti waliendelea kungoja.

"Kumelowa kote?" Bi Verlene aliuliza.

Cornell alimkagua. "Bado sikio la kushoto."

Aligeuza kichwa, akalilaza sikio karibu kabisa na tundu, kwenye kijiko cha maji kilichobaki. Mchungaji alimbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Tundu likakoroma likanyamaza.

Wafanyakazi wanne wenye brashi walikuwa wamesimama kwenye ngazi, wawili kati yao weusi, na walimsaidia kupanda. Halafu wakaanza kusugua. Colleen aliweka kibao kwamba bwawa litafunguliwa tena saa kumi, na saa kumi lilifunguliwa, maji mapya yakiwa yamejaa pomoni, na wageni wakarudi ndani.

Aliyebatizwa kwetu hafutwi kwa taulo. Hupelekwa kwa akina mama wa kanisa akiwa bado anachuruzika, nao hukamua pindo la kanzu yake na kujipaka usoni, na hapo ndipo ubatizo huhesabika. Kwa hiyo Bi Verlene alimwambia Cornell aendeshe haraka. Cornell alizima kiyoyozi kisimkaushe, gari likawa tanuri. Barabara kuu ilifungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakivuka kutoka kasino moja kwenda nyingine, wengi mno, wakiwa na vikombe virefu mikononi. Taa iligeuka nyekundu mara tatu bila gari kusogea. Bi Verlene alilikunja pindo la kanzu na kulifumbata ngumini. Jangwa letu hukausha shuka kabla hujatundika la pili.

Akina mama tisa walikuwa wakingoja mlangoni pa kanisa, wamevaa meupe. Bi Earline, mkubwa wao, alimsogelea na kumshika bega. Akamshika mgongo. Akamshika nywele. Kisha akainama kutafuta pindo, na Bi Verlene akafumbua ngumi kumpa. Lilikuwa limekunjamana, na kavu.

Mchungaji alisema yeye mwenyewe alimbatiza kwa mikono yake. Akina mama waliitikia amina, kwa sauti ya chini wanayoitumia hospitalini.

"Nililowa," Bi Verlene alisema. "Hata sikio la kushoto."

Bi Earline alimwachia pindo, akamshika mkono. Alimwambia aingie ndani, nje kuna joto.