Siku Nilipompika Bubu

Jumamosi ile, mjukuu wangu Vigga alipotimiza miaka mitatu, nilimpika Bubu. Sikukusudia. Nasema mapema ili msinifikirie vibaya.

Bubu alikuwa chuchu ya mpira, zile wanazonyonya watoto ili watulie. Vigga alikuwa nazo tatu. Ya kwanza aliitupa baharini kutoka kwenye feri, akaipungia na mkono. Ya pili ililiwa na mbwa wa Mzee Preben, jirani yangu. Kesho yake ilitoka upande wa pili, nzima kabisa, lakini hapakuwa na mtu aliyeitaka tena. Akabaki Bubu. Alikuwa wa kijani, ukingoni ana alama za meno, na mpira wenyewe ulishageuka rangi ya chai ya rangi. Tulimwita Bubu kwa sababu akishaingia kinywani, Vigga hasemi kitu. Ukimuuliza swali anakujibu kwa nyusi.

Kwetu mtoto akifika umri huo, chuchu haitupwi. Inapelekwa mtini. Upo mti mmoja nyuma ya maktaba, matawi yake ya chini yamejaa chuchu za watoto wa mji mzima, zimefungwa kwa utepe pamoja na barua ndogondogo. Hata ya mwanangu Troels, baba yake Vigga, ilikuwepo pale mpaka dhoruba ilipovunja tawi lake.

Mkwe wangu Rikke alikuwa amembembeleza Vigga miezi mitano. Kila jioni mazungumzo, kama watu wawili wanaouziana nyumba. Daktari wa meno alishaonya kwamba meno yatapinda, na neno lile lilimkaa Rikke moyoni. Mwishowe Vigga akakubali, kwa masharti yake mwenyewe: iwe siku ya kuzaliwa, asubuhi, na amtundike Bubu yeye, kwa mkono wake, pasiwe na mtu mwingine wa kumsaidia. Rikke alinipigia simu analia kwa furaha.

Basi wakaja kulala kwangu. Asubuhi, saa moja na nusu, Vigga aliingia jikoni na gauni lake la kulalia, akamchomoa Bubu kinywani, po! akaniwekea kiganjani, bado ana joto.

"Bibi, muogeshe Bubu. Aende msafi."

"Haya, mama."

Akarudi kitandani kujifanya amelala, maana mtoto wa siku ya kuzaliwa lazima aamshwe kwa wimbo na bendera ndogo za karatasi.

Mimi nikafikiri, kuogeshwa kwa maji ya bomba si kuogeshwa. Nikachukua sufuria yangu ya mayai, nikatia maji kina cha vidole viwili, nikamweka Bubu, nikawasha jiko. Dakika tano zinatosha. Na kwetu siku ya kuzaliwa bendera hupandishwa saa mbili asubuhi, na saa mbili ilikuwa karibu, basi nikatoka bustanini kuipandisha.

Ilipanda vizuri mpaka katikati. Hapo kamba ikakwama. Nikavuta, haiendi. Nikalegeza, haiendi. Upepo ukaikunjua bendera yote, ikawa inapepea nusu mlingoti, ukubwa wake wote, mtaa mzima unaiona.

Mzee Preben akatoka kwake mbio, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Tove! Pole sana. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Nani amefariki?"

"Hajafa mtu! Kamba imekwama. Leo Vigga anatimiza miaka mitatu."

"Miaka mitatu, na wewe unamwekea msiba? Ipandishe basi! Nimeacha kahawa yangu inapoa."

"Ingekuwa inapanda ningesimama hapa nimening'inia kama nguo?"

"Basi ishushe."

"Ghafla ikifunguka ikagusa chini?"

Preben akavaa kofia yake. Kwa mambo ya bendera si mtu wa mzaha. "Ah, hapana. Chini isiguse. Usiachie, nakuja."

Akaenda kuleta ngazi. Akarudi na ngazi, na chupa ya mafuta, na maoni. Kwamba kamba hii si kamba. Kwamba yeye mwaka juzi aliniambia. Mimi nimeshika kamba kwa mikono miwili, nasema ndiyo, ndiyo, na yeye yuko juu anatia mafuta tone moja moja kama anampa mgonjwa dawa. Sijui zilipita dakika ngapi.

"Jirani," akasema kutoka juu, "mbona nasikia harufu ya tairi?"

Nilijua palepale. Miguu ikataka kukimbia, mikono ikakataa kuachia.

"Preben, njoo ushike!"

"Nishikeje nami niko juu?"

"Troels!" nikaita. "Troooels!"

Mwanangu akatoa kichwa dirishani, nywele zimesimama. "Mama, kuna nini kinaungua huku?"

"Bubu!"

Kichwa kikatoweka. Nikasikia miguu, kisha sufuria ikidondoshwa kwenye sinki.

Bendera ilipofika juu nikaingia. Maji yalikuwa yamekauka zamani. Bubu alikuwa amelala ndani ya sufuria, amegandamana nayo kama yai la kukaanga, la kijani, na kile kipete chake cha kushikia kimezama ndani kabisa. Rikke amesimama na mkono mdomoni.

"Mama," akasema taratibu, "miezi mitano."

"Najua, mwanangu."

"Miezi mitano nimembembeleza. Asipomtundika leo kwa mkono wake, tunaanza moja."

Troels alikuwa ameshavaa koti juu ya pajama. Akachukua baiskeli, akaenda duka la dawa, akarudi hana pumzi na chuchu mpya. Ya kijani. Lakini kijani chake kiling'aa kama chura aliyetoka majini.

"Ataijua," Rikke akasema.

"Tutaizeesha," Troels akasema.

Basi sisi watu wazima watatu tukaanza kazi. Rikke akaichovya kwenye chai nzito. Mimi nikaisugua kwenye zulia la mlangoni. Troels akaanza kuing'ata.

"Si hivyo!" nikamwambia. "Meno yako makubwa. Ataona ameumwa na farasi. Ng'ata hapa ukingoni, kwa meno manne ya mbele."

"Mama, mimi sina meno manne madogo."

"Ulikuwa nayo."

"Rudisha kwenye chai," Rikke akasema, "mpira wake bado mweupe. Na wewe Mama usiiguse. Usilikaribie jiko!"

Tulikuwa hapo tumeinamia kikombe, vichwa vinagongana, tuliposikia sauti mlangoni.

"Mbona hamji kuimba? Nimelala mpaka nimechoka."

Vigga. Kichwani ana taji lake la karatasi, ameshalivaa mwenyewe, limeegemea sikio. Akanyoosha mkono.

"Bubu ameoga?"

Troels akampa ile ya kwenye chai. Vigga akaigeuza. Akainusa. Akaitia kinywani, na Rikke akafumba macho. Tukahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili. Akaitema.

"Huyu ana ladha ya chai. Huyu si Bubu. Bubu yuko wapi?"

Troels akatazama dari. Rikke akamtazama Troels. Mimi nimeshalea watoto wanne, najua kwamba ukimdanganya mtoto wa umri huu unatengeneza kazi ya wiki nzima. Nikapiga magoti, nikamwonyesha sufuria.

"Yuko humu. Nilimchemsha awe msafi, bendera ikanikwamia, nikamsahau. Kosa ni langu."

Vigga akachungulia. Akavuta pumzi, ile pumzi ndefu ambayo baada yake majirani hufunga madirisha. Tukasubiri.

"Umempika?"

"Nimempika, mjukuu wangu."

"Na chumvi?"

"Bila chumvi."

Akafikiri. "Ameiva?"

Troels akatoka kwenda ukumbini, tukamsikia anagonga ukuta kwa paji la uso, anacheka asisikike. Rikke akageukia friji akaifungua bila sababu. Nami nilikuwa nimeuma shavu langu la ndani, lakini nilimwona Vigga kidevu kinaanza kutetemeka, cheko langu likakatika.

"Mimi nilisema nitamtundika," akasema. "Sasa nitatundika nini?"

Machozi mawili, moja kila upande.

"Tunaweza kumtundika huyu mwenzake," Rikke akaanza kwa upole.

"Huyo hajafanya kazi yoyote!"

Nikajaribu kumbandua Bubu kwa kisu. Troels akaja na bisibisi. Mzee Preben naye akaingia, akapokea bisibisi, akasema sisi hatujui kubandua, akabandua bapa moja la rangi ya sufuria na Bubu hakusogea. Na ile chuchu mpya ipo mezani, karibu na mkono wa Vigga. Nikaona anaitazama kwa jicho la pembeni. Rikke naye akaona. Kama angeirudisha mdomoni mara ya pili, chai au si chai, habari ingekuwa imeisha.

Mkono wa Vigga ukaenda mezani. Ukaipita chuchu, ukashika mpini wa sufuria. Mwishoni mwa mpini pana tundu, la kutundikia ukutani. Akaingiza kidole. Kikatokea upande wa pili.

"Bubu ana tundu," akasema.

"Lile ni tundu la sufuria," Troels akamwambia.

"Bubu *ni* sufuria."

Watu wote wakanigeukia. Sufuria ile nilianza nayo ndoa yangu. Mayai yangu yote ya asubuhi yamechemkia humo, na ilifika mahali nikawa sihitaji saa, naisikiliza tu inavyogonga. Lakini kuna wakati mtu asiulizwe mara mbili.

"Ndiyo," nikasema. "Bubu ni sufuria."

Tukamwimbia palepale jikoni, Preben kwa sauti yake nene, mwanzo mpaka mwisho, tukapeperusha vibendera vyetu juu ya sinki.

Kisha tukatoka. Mbele Vigga na taji, sufuria mikononi kama anabeba supu. Nyuma yake Preben na ngazi begani, kila akigeuka kusema kitu ngazi inageuka naye, na sisi tunainama. Kisha Troels na bendera ndogo, Rikke na barua, na mimi na kikapu cha mikate ya siagi. Mbele ya duka la mikate palikuwa na foleni ya Jumamosi. Mama mmoja akacheka.

"He, mnakwenda kupikia wapi?"

"Hatupiki," Vigga akamjibu bila kusimama. "Tumeshapika."

Chini ya mti tukakuta baba mmoja na mtoto wake wa kiume wa rika la Vigga, amevaa suruali mpya, ameshika chuchu ya buluu iliyofungwa utepe wa hariri. Mtoto akaitazama sufuria. Akaitazama chuchu yake. Mdomo ukapinda.

"Baba! Mimi pia nataka sufuria!"

"Halfdan, hatukuja na sufuria."

"Kwa nini hatukuja na sufuria?"

Yule baba akatutazama kama tumemkosea, na kweli tulimkosea.

Preben akaweka ngazi, akaitikisa mara tatu kuhakikisha. Vigga akapanda, Troels nyuma yake mikono wazi. Preben, aliyeruhusiwa na Vigga mafundo tu, akafunga kamba nene kwenye tawi, akaipitisha kwenye tundu la mpini, akafunga fundo, akafunga jingine juu yake.

"Soma barua, Bibi," Vigga akaamuru kutoka juu.

Nilikuwa nimeiandika mimi kwa maneno yake. Nikasoma kwa sauti: "Mti mpendwa. Huyu ni Bubu. Hapendi mvua. Usimpe ndege. Asante. Vigga."

"Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Andika: Bibi alimpika. Lakini hakufanya makusudi."

Nikaandika juu ya goti langu.

Sasa kilichobaki kilikuwa kuachia. Kamba imeshika, fundo limekaza, lakini Vigga bado amekumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, na haachii. Rikke alikuwa ameshika kiwiko changu akikibana. Halfdan akaacha kulia ili aone vizuri. Vigga akaingiza uso wake ndani ya sufuria, akasema kitu kirefu ambacho hatukukisikia, mvumo tu, kama nyuki ndani ya ndoo. Akatoa uso. Akafungua vidole, kimoja kimoja.

Sufuria ikabembea, ikapiga ngazi, ngaa! ikarudi ikapiga shina, ngaa! Ndege wakaruka wote kwa pamoja, na chuchu za mji mzima zikatikisika kwenye nyuzi zao. Vigga akatazama mikono yake mitupu, mbele, nyuma. Kisha akacheka. Alicheka mpaka taji likaanguka, mpaka Troels akalazimika kumshika kiunoni, na Rikke akawa anacheka huku machozi yanamwingia mdomoni. Halfdan naye akapandishwa haraka haraka kabla hajabadili mawazo, akatundika ile ya buluu hapohapo karibu, ili na yeye aipigishe kidogo ile sufuria. Aliipiga mara nne.

Vigga aliposhuka alikuja moja kwa moja kwangu, akainua mikono.

"Nibebe, Bibi."

"Nikubebe? Si umeshakuwa mkubwa?"

"Ndiyo. Lakini miguu bado."

Nikambeba. Alikuwa mzito, ananuka chai na mpira ulioungua. Njia nzima akanisimulia mambo ambayo sikujua kama anayajua: habari za mbwa wa Preben, za feri, na kwamba baba yake anakula jibini usiku akiwa amesimama. Tulipofika kwenye duka la mikate magoti yangu yakakataa. Troels akampokea, na Vigga hakukatiza hata sentensi.