Swali la Tisa

Swali la tisa niliandika upya mimi. Lililokuwa kwenye dodoso lilikuwa gumu kama kuni mbichi. Mgonjwa wa Mbagala angejibu hapana ili tu tuendelee. Nikawaambia wakufunzi kwamba watu hawasemi hivyo, nikaweka: "Kuna siku umelala ukiomba usiamke?" Darasa zima likakubali. Nikavimba kichwa.

Tulikuwa watafiti wanafunzi kumi na wawili, tukifundishwa kuwahoji wanaoishi na VVU kuhusu sonona, ule uzito wa moyo unaomfanya mtu aache hata dawa. Kanuni moja haikujadiliwa: akijibu ndiyo swali la tisa, humwachi peke yake mpaka mshauri afike.

Mie nilikuwa naishi na VVU kwa mwaka wa tatu. Mama hajui. Nilikuja pale niwe mwenye kalamu, si mwenye kujibu.

Alhamisi tukafanya mazoezi wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa wa kubuni. Nikapangwa na dada Flaviana, aliyewahi kuwa nesi. Nikambuni seremala wa Pugu, nikampa mke na watoto watatu. Flaviana akauliza seremala huweka wapi dawa.

"Kwenye kopo la mafuta ya nywele," nikasema. "Najaza pamba, zisilie nikitembea."

Kalamu yake ikasimama. Akautazama mkoba wangu uliokuwa miguuni, kisha akaendelea, sauti imeshuka. Usingizi. Hamu ya kula. Kujiona hufai. Nilijibu haraka haraka, nikimlaani seremala.

Akafika la tisa, akalisoma kwa maneno yangu, polepole. Nikatafuta kichochoro cha kupita. Vyote nilikuwa nimeviziba mwenyewe.

"Ndiyo," nikasema.

"Aliyejibu ni seremala, mdogo wangu, au ni wewe?"

Nikacheka, nikamwambia kumbe maigizo yangu yamemnasa hata nesi mzima. Nikachukua mkoba, nikaaga naenda chooni. Akanyanyuka, akamnong'oneza mkufunzi amwite mshauri, akanifuata hadi mlango wa choo.

"Ni mazoezi tu, dada."

"Basi na mie nafanya mazoezi. Usikomee mlango."

Nikaurudisha bila komeo. Dirisha lilikuwa dogo, lina nondo. Nje viatu vyake havikusogea. Nilisubiri achoke, hakuchoka. Nikafikiria kutoka na mzaha mwingine, nikaishia kufungua mkoba.

Nikatoa kopo. Nikachomoa pamba yote, nikaifumbata mkononi. Kisha nikalitikisa, kwa nguvu, asikie.