Bolti Niliyoikaza kwa Mkono Wangu

Ninyi mnaokokota magogo kwa pikipiki za theluji, na ninyi mama zao, hebu kaeni chini kidogo. Nina neno kuhusu pini. Ile pini ya chuma, nene kama kidole gumba, inayounga shingo ya sleji, lile gari la kuteleza lisilo na magurudumu, na mkia wa pikipiki. Ukiichomoa, sleji inabaki na mzigo wake, wewe unaenda zako. Mwanangu Orville alikuwa nayo. Nikaiondoa mimi, mama yake, na sasa hayupo.

Nianze na mguu wa kaka yangu Alvin, kwa sababu hofu yangu ilianzia hapo.

Mwaka juzi, baridi ikiwa katikati, Orville alikuwa anapandisha magogo kutoka mtoni, pale kwenye mwinuko mkali chini ya kanisa. Alvin alikuwa nyuma anasukuma. Pini ikaruka. Sleji ikarudi kinyumenyume na magogo yake yote, ikampitia kaka yangu mguuni. Mlio wa ule mfupa niliusikia nikiwa mlangoni kwangu, au labda nadhani tu niliusikia. Ndege ilikuja kumchukua siku ya tatu, upepo ulipotulia.

"Usilie, dada," Alvin aliniambia wakati wanampakia, uso umemgeuka majivu. "Mguu mmoja unanitosha kucheza dansi. Ilipokuwa miwili, wanaume wenye wake walikuwa hawalali."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, kila Orville akiwasha pikipiki, nilikuwa naiona sleji ikirudi nyuma, na safari hii aliyekuwa chini yake ni yeye. Baba yake nilikwisha kumzika. Mtoto nilikuwa naye huyo huyo mmoja, miaka ishirini na mitatu, mrefu wa kuinama kila mlango, mtu wa kuimba akikata kuni ingawa chenso, msumeno wa injini, ilimeza sauti yake yote.

Basi mwezi wa kumi na moja, barafu ya mto ilipokaza, nikaingia kwenye banda la marehemu mume wangu. Nikapekua makopo yake nikapata bolti ndefu, ya injini ya boti la zamani, pamoja na nati yake. Nikatoka nje, nikachomoa pini, nikatia bolti, nikakaza kwa spana kubwa mpaka mabega yakauma. Nikasema, haya, sasa ruka tena nikuone.

Orville alipoiona alijikuna kichwa.

"Mama, umefanya nini hapa?"

"Nimeifunga."

"Naona umeifunga. Umeifunga kama mlango wa jela. Nikinasa kwenye maji nitaichomoaje?"

"Usinase."

"Sawa. Nitauambia mto, mama kasema nisinase."

"Orville, sitanii. Nusura umuue mjomba wako."

Neno hilo lilimnyamazisha. Nilijua litamnyamazisha, ndiyo maana nililisema.

Aliyejibu ni Alvin, alikuwa amekaa juu ya gogo na fimbo yake. "Dada, aliyevunjika ni mimi, na mimi nasema rudisha pini. Unaogopa itaruka? Itie waya tundu la chini, uifunge na kamba. Lakini isiwe kitu cha kutafutia spana. Mzigo ukiwa juu ya mto lazima uwe mzigo wa kuachika. Wazee walikokota kwa mbwa, na kisu cha kukatia kamba kilikaa kiunoni, si ndani ya mfuko."

"Wazee hawakuwa na pikipiki nzito kama hii."

"Kweli. Walikuwa na mbwa wanaoijua barafu. Hii pikipiki yenu haijui kitu."

"Mguu wako wenyewe hukuweza kuulinda, leo unanifundisha mimi kulinda mtoto."

Alvin akainuka na fimbo yake. Kwetu mtu hashindani na mama juu ya mtoto wake, hata awe kaka. Orville akaitia spana kwenye mfuko wa koti, akaupigapiga mfuko, akanikonyeza. "Yaishe, Mama. Mfungwa atatembea na ufunguo." Hakuitoa bolti. Alikuwa mtoto wa kusikia. Mama wenzangu, sisi tunaomba tupate watoto wa kusikia, lakini hatujichungi tunawaambia nini.

Wiki nane bolti ilikaa mahali pake. Haikuruka hata mara moja. Nikamringia Alvin, nikamwambia, unaona?

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kwanza. Baridi ilikuwa imeshika wiki nzima, arobaini chini ya sifuri, moshi wa kila nyumba umesimama wima. Asubuhi Bibi Philomena, mjane jirani yetu, akaita kwenye redio ya upepo, kijiji kizima kinasikia.

"Orville, Orville. Hivi bado uko kitandani? Mwenzio huku nachoma viti."

"Nakupata, Bibi. Vimebaki vingapi?"

"Kimoja, na nimekikalia."

"Basi usiinuke. Nakuletea kuni sasa hivi."

Redio ikajaa vicheko. Kwetu mzigo wa kwanza wa siku ni wa mtu asiye na mkataji nyumbani, halafu ndiyo ukumbuke jiko lako. Orville alikunywa chai amesimama, samaki mkavu mdomoni, anahangaika na buti. Nje Wendell, mtoto wa shangazi yake, alikuwa anaungurumisha pikipiki yake.

"Binamu! Bibi harusi hachukui muda hivyo kuvaa!"

"Wewe umevaa suruali ya dada yako, ndiyo maana umewahi!"

Wakaondoka. Nilisimama dirishani nikaitazama bolti inang'aa nyuma ya pikipiki mpaka wakashuka mtoni. Nikatulia moyo, nikarudi kwenye kushona. Nimeitafuta siku nyingine niliyotulia hivyo, sijaikumbuka.

Mzigo wa Bibi Philomena ulifika kabla ya saa sita. Misonobari mikavu, ile iliyobaki imesimama tangu moto ulipopita msituni, inapasuka kwa shoka mara moja tu. Nikamwita Orville kwenye redio. Nikamwambia kuni zetu zinatosha mpaka kesho.

"Kesho Jumapili, Mama. Utanishika sikio unipeleke kanisani. Acha nilete leo."

Yanayofuata ni ya Wendell. Alinieleza mara moja, sijamwuliza tena.

Kuna mahali kijito kinaingia mtoni, chini ya msitu ulioungua. Walikuwa wamepita hapo asubuhi, kwenda na kurudi, pakavu. Lakini baridi ikizidi, inakibana kijito mpaka maji yanakosa pa kwenda, yanapasua barafu na kupanda juu yake, yanajificha chini ya theluji. Ukitazama unaona kweupe tu. Wendell alikuwa mbele. Akahisi pikipiki inazama kwenye uji wa theluji, akavuta mafuta yote, akatoka upande wa pili. Akageuka. Mzigo wa Orville ulikuwa mzito zaidi, magogo tisa marefu. Sleji ilikuwa imekaa ndani ya maji, na pikipiki imesimama mbele yake kama mbwa aliyefungwa.

Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua la kufanya hapo. Unashuka, unachomoa pini, unatoka na pikipiki mpaka pakavu. Sleji utaivuta baadaye kwa kamba, au utaiacha igande, utakuja na shoka kesho. Ni kitu cha kupumua mara moja.

Orville alishuka, maji yakamfika magotini. Akapiga magoti kati ya pikipiki na sleji. Akavua glavu, akatoa spana.

"Achana nayo!" Wendell akapaza sauti. "Acha mashine, njoo kwa miguu!"

"Imeanza kulegea! Bado kidogo!"

"Orville, toka hapo!"

"Nikipoteza mashine Mama ataniua!"

Wendell anasema aliyasema hayo akicheka. Ameniapia kwamba alikuwa anacheka. Sijui kama ni kweli au ananihurumia.

Barafu ya chini ilikuwa imebeba pikipiki, sleji, magogo tisa na mtu, vyote mahali pamoja kwa muda mrefu. Ikalia kama bunduki. Mkia wa pikipiki ukazama kwanza, naye alikuwa hapo hapo kwenye mkia. Halafu sleji ikateleza na magogo yake ikaja juu yake. Wendell alitambaa kwa tumbo mpaka kwenye tundu akatupa kamba kwenye maji meusi. Akatupa tena. Alitupa mpaka glavu zikagandia kwenye kamba.

Mimi nilikuwa nyumbani, nakata uzi kwa meno. Redio ikasema kwa sauti ya Wendell, "Mjomba Alvin. Mjomba Alvin, njoo kwenye mdomo wa kijito, njoo na watu. Na mtu azime redio kwa Mama Orville."

Lakini redio moja inaongea nyumba zote.

Wanaume walimtoa kesho yake mchana. Walipasua barafu kwa misumeno, wakavuta pikipiki na sleji kwa pamoja, kwa sababu zilikuwa bado zimeungana. Alvin alikuja kwangu na fimbo yake, akakaa mlangoni bila kuvua kofia.

"Bolti?" nikamwuliza.

"Dada, usiniulize hilo."

"Alvin. Bolti?"

Akatazama sakafu. "Nati ilikuwa imefika ukingoni. Ilibaki kama mzunguko mmoja na nusu." Halafu akasema, "Spana ilikuwa bado mkononi mwake."

Nilimngoja aseme lile neno lingine, kwamba aliniambia. Hakulisema siku ile, wala hajalisema hadi leo. Afadhali angelisema.

Ardhi yetu mwezi wa kwanza ni chuma. Huwezi kuchimba kaburi bila kuwasha moto juu yake siku mbili, usiku na mchana, mpaka udongo ulegee. Kwa hiyo kifo kikitokea wanaume wanakimbilia msituni kuleta kuni. Safari hii kabla hawajaondoka, Bibi Philomena alionekana anapanda kilima cha makaburi. Miaka themanini na mbili, anavuta kisleji cha kuchezea watoto, kimejaa kuni. Ni zile zile za Orville. Akashusha, akarudi, akaja na nyingine. Wendell akamkimbilia.

"Bibi, utachoma nini nyumbani?"

"Kiti si kipo?"

Hakuna aliyecheka. Kisha Alvin akacheka, sauti ikamkatikia katikati, akageuka akatazama miti. Bibi akaja akanishika mkono wangu kwa mkono wake wenye glavu iliyotoboka.

"Mama Orville, alinipasha moto mimi. Na yeye tumpashie mahali pake."

Moto ule uliwashwa kwa kuni zake mwenyewe. Nikatia ndani yake sahani yake, kama tunavyowalisha wafu wetu: samaki mkavu, mkate wa kukaanga, chai. Nilisimama pale nikausikia msonobari unapasuka ndani ya moto, nikajua alivyouchagua mti ule, alivyougonga kwanza kwa kisigino cha shoka asikilize kama ni mkavu.

Magogo yetu tisa, yaliyomwagika kutoka kwenye sleji, yalibaki mtoni yamegandia, ncha zimetokeza. Hakuna aliyeyagusa. Mwezi wa tano barafu ilipovunjika yakaondoka nayo.

Watu wamenifariji. Wamesema ni mto, ni baridi, ni siku yake. Padri naye amesema yake. Mimi sibishani nao. Lakini ninyi nawaambia jinsi ilivyo: nilimwogopea mwanangu kitu kilichokwisha kutokea, nikamfunga kwenye kitu ambacho kilikuwa bado. Hofu yangu ilikuwa inatazama nyuma, kwenye mwinuko wa kanisa. Alvin alikuwa anatazama mto, na sikumsikiliza, kwa sababu niliona mwenye uchungu wa mtoto ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo rudini nje mkaangalie. Kama ni bolti, itoeni leo, si kesho. Kama pini inaruka, njooni kwangu. Nimekata kamba za ngozi, nimezishona imara, kila moja ina waya wake mdogo wa kupita kwenye tundu. Unauvuta ukiwa na glavu, unatoka. Nimeshagawa arobaini na kitu. Zikiisha nitakata nyingine.

Vijana wananiita askari wa pini. Nasimama juu ya ukingo pale pikipiki zinapopandia, nawasimamisha mmoja mmoja. "Mama, leseni iko nyumbani," wananiambia. "Mama, leo mfungwa ametoroka." Acha waseme. Wanasimama.

Kuni zangu sasa ananiletea Wendell. Amekonda, na utani ameuacha, ila kuni analeta. Akifika hanisalimii kwanza. Anazima mashine, anarudi nyuma, anavuta kamba na glavu zake mkononi, ananyanyua pini juu niione kutoka dirishani.

"Umehesabu pumzi, Mama?"

"Nimehesabu."

"Ngapi?"

"Moja," namwambia, ndipo namfungulia mlango.