Mmoja Aliyeokolewa

Rozarja alishindwa kukaa nyumbani. Sebule ya mama mkwe wake ilikuwa imejaa wanawake wenye rozari, wakisali kwa sauti ya matanga kana kwamba maiti zimeshaletwa. Akavaa sare yake ya kazi, akateremka kwenye handaki chini ya kuta za Valletta. Humo ndimo zamani maofisa wa jeshi la majini walimoongozea vita vya baharini, na sasa, baada ya kukarabatiwa, watalii huja kuona meza kubwa ya ramani na vijimeli vyake vya mbao. Rozarja ndiye aliyewatembeza.

Mumewe Wistin na mwanawe Karmenu walikuwa wametoka kuvua samaki aina ya faulusi. Grigal, upepo mkali wa kaskazini-mashariki, ukawakuta mbali. Tangu hapo, kimya.

Alipofika mezani na wageni wake, maneno yalimkatika. Fimbo yake ya kuonyeshea ramani ilikuwa imegota kusini mwa Sicily, kwenye maji yaleyale walikokwenda kuvua.

"Samahanini," alisema, akawaacha wameduwaa.

Alikimbilia chumba cha redio. Sinjur Ġanni, mzee mstaafu wa bandarini, alikuwa amejitolea kufufua mitambo ya humo, na antena aliipandisha mwenyewe hadi juu ya ngome. Simu za mkononi hazikushika kule chini, ila redio yake ilishika.

"Waite, Sinjur Ġanni. Ita meli yoyote."

"Mwanangu, siruhusiwi kuita kwenye masafa ya dharura. Watanifunga."

"Wacha wakufunge! Mimi niko wapi sasa, kama si kifungoni?"

"Nitawavuruga wanaowatafuta, Rozarja. Keti. Tusikilize."

Hakuketi. Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, ikatoa sauti za watu wa mbali wasiomhusu. Kisha nahodha mmoja wa meli ya mizigo akaingia kwa Kitaliano, lugha ambayo Rozarja aliijua tangu utotoni kwa kutazama televisheni. Mashua ya Kimalta imepinduka. Tumempakia mtu mmoja, yu hai. Wa pili hatumwoni.

"Yu hai!" Ġanni aliruka. "Umesikia, mwanangu? Mmoja yu hai!"

"Nani?"

Ġanni akainamia redio.

"Nani? Muulize jina!" Aliipiga meza ngumi. "We mpumbavu, sema jina!"

Nahodha hakuweza kumsikia. Rozarja akapiga magoti sakafuni. Alifungua kinywa kumtaja Karmenu, mtoto wake wa pekee, mara akahisi anamsukuma Wistin majini kwa mkono wake mwenyewe. Akaanza kumtaja Wistin, ulimi ukakataa. Akabaki hivyo, mdomo wazi, bila sala.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Marlene, meneja. "Rozarja, una wazimu? Wageni wamesimama kule kama..." Akaziona nyuso zao.

Nahodha akarudi, akalitaja jina herufi kwa herufi. Ya kwanza ilikuwa W.

Rozarja hakungoja nyingine.

Jioni walimshusha Wistin gatini, amefunikwa blanketi, midomo imevimba kwa chumvi. Hakuinua macho.

"Nilimshika, Roż. Nilimshika mpaka vidole vikafa ganzi."

"Aliniita?"

"Alikuita."

Rozarja akampiga. Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na mwanamume yule hakujikinga wala hakurudi nyuma. Askari mmoja alisogea awatenganishe. Ġanni akamshika bega. "Waache, kaka. Waache kwanza." Ngumi zilipoishiwa nguvu zilibaki zimelikamata blanketi, na Wistin akamwekea kichwa begani.

Ndege ya uokoaji ilizunguka kule baharini hadi mwanga ukaisha, ikarudi bila kitu. Wakwe zake walikuja kumrudisha nyumbani, wakambembeleza, wakamvuta mkono. Rozarja alikataa kuondoka gatini.