Salamu za Sekunde Sitini

Rukaiya binti Rehani hakuwa mtu wa kukaa na siri. Ukimwambia jambo asubuhi, hadi adhuhuri soko zima la Makambako limeshalipata, tena na nyongeza. Lakini mwaka ule wa 2004 alikaa na siri moja kwa wiki tano nzima, na siri ile ilimkondesha.

Alikuwa na kompyuta mbili kwenye stoo ya mchele ya kaka yake Bashiru. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, kwa kujivuta, lakini ilifika. Madereva wa malori waliandikia barua pepe matajiri wao, walimu walitafuta habari za masomo. Yeye mwenyewe alichokipenda kuliko vyote ni tovuti moja ya bure ya wanamuziki. Unajiandikisha, unaweka picha na wimbo mmoja, na chini yake kuna kitabu cha wageni, ambamo yeyote aliyesikiliza, popote alipo duniani, anaweza kuandika neno. Hakuna cha kulipa, hakuna kumbembeleza mtangazaji wa redio. Ndani ya miezi michache Rukaiya alikuwa ameshawaweka humo vijana wa kizazi kipya wa pale stendi, kwaya mbili za Walutheri na kikundi cha kaswida cha mtaani kwake. Wote walimletea CD iliyokwisha tengenezwa studio. Kazi yake ilikuwa kuipandisha tu. Sifa zake zikafika mpaka Njombe, na safari hii hakuzisambaza yeye.

Ndipo wakaja Mika na Esteria, Jumatano moja ya ukungu.

Walikuwa mume na mke, wakulima wa viazi wa kijiji kimoja nyuma ya Njombe mjini. Mika alibeba gitaa lililofungwa kwenye mfuko wa mbolea. Esteria alijizungushia kitenge shingoni, ingawa ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wamepiga na kuimba kwenye kila harusi ya upande ule, na hawakuwahi kurekodiwa hata siku moja. Studio zilikuwa Iringa na Mbeya, na viazi havikuwapa nafasi.

“Mwanangu,” Mika alisema baada ya kusalimiana, “tumesikia una mahali pa kuweka sauti isipotee.”

Esteria akafungua kitenge. Rovu lilikuwa limejaa shingo yote, kubwa kama kiazi cha mbegu.

“Ijumaa wananipasua, huko Makete,” alisema, kama anayezungumzia kunyoa nywele. “Daktari ni mkweli, hakunificha. Uvimbe umeubana mshipa wa sauti. Uhai atanirudishia, lakini sauti hajui.”

“Nataka ibaki mahali,” Mika alisema. “Na watu waisikie. Hata akiwa mmoja.”

Rukaiya hakuwahi kurekodi mtu, lakini angesemaje? Aliwakalisha katikati ya magunia, ambako ngurumo za malori hazikufika vizuri. Akachomeka fimbo ya ufagio kwenye gunia, akaifunga juu yake ile maiki ndogo iliyokuja na kompyuta, na akafungua programu ya kurekodi iliyokuwa humo humo. Akabonyeza. Akawapungia mkono waanze.

Kule kwao mwimbaji haanzi tu kuimba kama aliyefumaniwa. Anasalimu kwanza, na hasalimu kwa neno moja. Esteria alikaa sawasawa na kuanza kwa upole, “Kamwene, ndugu zangu,” huku Mika akimgusia nyuzi taratibu kwa nyuma. Akajitaja, akamtaja mume wake. Akasalimu wazee, akasalimu wagonjwa na kuwaombea wapone, akamsalimu mzee Ebeneza aliyelichonga gitaa lile, akasalimu walio safarini na walioondoka nyumbani zamani. Kisha wakaingia wimbo.

Jamani, alikuwa anaimba yule mama! Sauti ilitoka chini ya lile rovu ikiwa nyepesi na safi, na Rukaiya akasahau kabisa kutazama kioo cha kompyuta. Alimtazama Esteria. Alimtazama na Mika, ambaye hakuangalia nyuzi hata mara moja, macho yake yote kwa mkewe. Wimbo ulipokwisha Rukaiya alijifuta machozi kwa mtandio, akahifadhi, akawachezea mwanzo. “Kamwene, ndugu zangu,” kompyuta ikasema. Wakacheka wote watatu. Nje gari la Njombe lilikuwa linapiga honi, wakatoka mbio. Rukaiya akaipandisha kazi ile kwenye tovuti huku akipika chai.

Kesho yake asubuhi akavaa spika ndogo za masikioni ili asikilize kwa raha zake. Salamu zikapita moja moja. Esteria akasema, “Na wimbo wetu unaitwa,” halafu ikawa kimya.

Akarudia. Kimya kile kile. Akachungulia maelezo ya programu, akayasoma mara mbili: hurekodi sekunde sitini tu, kisha hujizima yenyewe. Salamu zilikuwa zimezimaliza zote. Wimbo haukuwa popote, ila kwenye shingo itakayopasuliwa kesho.

Akaandika barua ya mistari minne, akakimbia nayo stendi, akampa kondakta wa gari la Makete: wasikubali kupasuliwa kabla ya kurudi kwake. Gari likaharibika njiani. Jumapili kondakta alimrudishia barua ikiwa haijafunguliwa. “Nilifika Jumamosi, dada. Mama alishatoka chumba cha upasuaji tangu jana yake. Nikaona ya nini kuwasumbua.”

“Waambie tovuti imekufa,” Bashiru alimshauri, akihesabu magunia. “Intaneti kila siku inakufa. Nani atajua?”

Rukaiya alimwambia ana roho ya jiwe. Lakini maneno yale aliyaweka akiba. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Ukurasa wa Mika na Esteria hakuufungua tena. Akiukaribia, mkono ulirudi wenyewe. Alilala akisikia kile kimya cha baada ya “unaitwa”, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona aibu maishani.

Wiki ya tano wakatokea mlangoni. Shingo ya Esteria ilikuwa nyembamba, na kovu lake limepita kama mkufu. Rukaiya alisimama, na uongo wa Bashiru ukiwa tayari mdomoni.

“Kamwene, mwanangu,” Esteria akasema.

Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, imeshuka chini kabisa. Ile nyingine ilikuwa imekwenda. Rukaiya akasikia uongo wote unamtoka akilini.

“Mama, nisamehe,” alisema. “Baba, nisameheni. Wimbo haupo. Programu ilijizima, na mimi sikuangalia. Imeshika salamu tu. Niliwatumia barua, ikachelewa.”

Mika akakaa juu ya gunia polepole, gitaa likiwa mapajani. Alilitazama tu lile gunia ambalo siku ile lilikuwa limeshika fimbo ya ufagio, na Rukaiya akatamani afadhali angemtukana.

“Hebu tuzisikie hizo salamu,” Esteria akasema.

Rukaiya akaufungua ukurasa kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sauti ya zamani ikajaa stooni, nyepesi na safi. *Kamwene, ndugu zangu. Mimi ni Esteria, na huyu anayepiga gitaa ni mume wangu Mika, ambaye hajawahi kuniacha niimbe peke yangu.* Mika akainamisha kichwa juu ya gitaa, mabega yakaanza kumcheza. Alilia waziwazi, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mbele ya binti wa watu. Salamu zikaenda hadi mwisho, zikakatika.

Esteria alimwekea mkono mgongoni. “Sasa unalia nini? Si mimi huyu hapa?”

“Ni wewe,” Mika alisema. “Ni wewe.”

Rukaiya aligeuza uso ili asiwaingilie, na hapo ndipo alipoona sehemu ya chini ya ukurasa. Kitabu cha wageni kilikuwa kimeandikwa. Akahesabu: wageni kumi na mmoja. Vijana wa stendi, pamoja na makeke yao yote, hawakuwahi kupata zaidi ya watatu.

“Mama,” alisema, “wamewajibu.”

Akawasomea. Wa kwanza alikuwa Alfonsi, mtu wa Mawengi, upande wao huo huo, aliyekuwa Mwanza mwaka wa tisa: *Kamwene mama, nimezipokea. Mimi ni mmoja wa walioondoka zamani.* Aliyefuata ni Anjela, muuguzi huko Botswana: *Hapa watu hupitana bila neno. Leo nimesalimiwa. Nimezisikiliza mara sita.* Mwanafunzi mmoja, Bonaventura, alikuwa ameamka mgonjwa bwenini, mbali na kwao, na mama asiyemjua akamwombea apone. Wote walikuwa wamejibu, maana kwao salamu haiachwi chini. Na karibu wote walimalizia kwa swali moja: *Wimbo uko wapi? Tunangoja wimbo.*

Esteria alikuwa ameshika kovu lake kwa vidole viwili.

“Wanangoja sauti ile,” alisema. “Hii si ya kuimbia, Mika. Nilikwambia tangu hospitali kwamba siimbi tena.”

Mika hakubishana naye. Alivuta gitaa, akaanza kulegeza nyuzi, mmoja mmoja, akijaribu na kushusha, akijaribu na kushusha, kichwa chake kimeegemea upande wa mkewe kama anayesikiliza anavyopumua. Alipofika mahali akamwambia, “Sema neno lolote.”

“Niseme nini, mzee wewe?”

Akashusha kidogo tena. Kisha akapiga, na gitaa likajibu kwa unene ule ule wa sauti ya Esteria, chini kule, bila kumpita hata kidogo. Esteria akaondoa vidole kwenye kovu.

Rukaiya alikuwa ameshachomeka fimbo ya ufagio kwenye gunia. Katika wiki zile za majuto alikuwa ametafuta programu nyingine ya bure isiyo na kikomo, na safari hii hakukitolea macho kitu kingine ila kioo. Akabonyeza, akawapungia.

Mika, kwa mazoea ya miaka yote, akaanza kugusa nyuzi za kusalimia. Esteria akamshika mkono.

“Hapana,” alisema. “Salamu walishazijibu. Usiwacheleweshe.”

Akakaa sawasawa, akaisogelea maiki.

“Unaitwa *Sogeza Kigoda*,” alisema, kama mtu aliyekatizwa kidogo tu, na akaimba.