Kifungo cha Koti la Shangazi

Watu wakisema mashine ina akili, Mbishi hucheka chini chini. Akili yenyewe anajua inakotoka. Inatoka ghorofa ya pili, kwenye chumba cha mapazia yasiyofunguliwa, ambako yeye na wenzake hukaa kutwa mbele ya skrini wakiifundisha mashine hiyo kama mtoto wa chekechea: hili bakuli, hii kofia, jibu hili jema, jibu lile baya. Wakubwa wa kampuni wakitokea kwenye habari wanapigiwa makofi, eti wameunda kitu kinachojua kila jambo. Haya, na waliokijulisha je? Hao hutaona hata ukucha wao.

Lakini tusimsingizie binti wa watu, kazi aliipenda. Jina la Mbishi alipewa humo humo kazini kwa sababu hakuweza kupitisha jibu asiloliamini, na humo ubishi ni maradhi. Kila swali hupewa watu wa meza moja, kila mtu kwa skrini yake, bila kuambizana. Kisha kompyuta huangalia nani kakubaliana na wengi. Ukienda na wengi, wewe ni mfanyakazi bora. Ukizidi kubaki peke yako, unga umemwagika. Simu marufuku, karatasi marufuku, kalamu marufuku. Unaingia na nguo ulizovaa, basi.

Swali lililomponza liliandikwa na muuza duka mmoja, wapi huko Mungu ndiye ajuaye. Alisema dukani kwao hawaruhusiwi kukaa tangu wafungue mpaka wafunge, miguu inamvimba, afanyeje. Mashine ikatoa majibu mawili, kazi ya Mbishi ikawa kuchagua lililo bora. La kwanza lilimshauri anunue viatu laini, akifika nyumbani aloweke miguu kwenye maji ya moto, na asisahau kutabasamu, maana mteja hupenda uso mkunjufu. La pili nalo lilitaja maji ya moto, ila likaongeza kwamba awaulize wenzake kama na wao miguu inawavimba, na wakiona ni wote, waende pamoja wakaombe viti.

Mbishi hakusita. Alikumbuka miguu ya shangazi yake, iliyotoka mishipa kama kamba kwa kushona amesimama kwenye kiwanda cha nguo, miaka nenda miaka rudi. Shangazi huyo ndiye aliyemchukua Mbishi mama yake alipofariki, akamlea na kumsomesha kwa miguu hiyo hiyo. Akachagua la pili. Wenzake wote, kompyuta ikasema, walichagua la kwanza.

Ijumaa jioni ujumbe ukamtokea kwenye skrini. Alama zake za makubaliano zimeshuka mno, Jumatatu asubuhi afike ofisini kwa msimamizi, yeye na wote wa meza yake, ili na wengine wajifunze. Kila mtu mle alijua mikutano hiyo inaishaje. Anaingia mfanyakazi, anatoka mtafuta kazi.

Sasa, wote wa meza yake ni akina nani? Ni wawili tu, na ndio hao hao waliokuwa wakija nyumbani kwa Shangazi kila Jumamosi mchana kucheza. Wa kwanza ni Ramani, kijana mrefu mwenye mashati yaliyopauka, aliyeitwa hivyo kwa sababu mchezo ni wa kwake: aliuchora mwenyewe kwenye boksi la friji, mji mzima na mitaa yake, na mto unaojaa kila zamu. Katika mchezo huo hakuna kumshinda mwenzako. Mnaokoa mitaa yote au mnazama wote. Wa pili ni Mwalimu, mama mtu mzima aliyeacha chaki baada ya shule yake kufungwa, na ambaye hata mashine huisahihisha kama anasahihisha madaftari.

Kila mmoja huja na kadi ya balaa la kuukumba mji huo, aliyoiandika kutokana na habari za wiki. Jumamosi hiyo Mwalimu alileta ya mafuta kupanda bei. Ramani akaleta ya kampuni iliyojenga ghala la kompyuta kando ya mto, na mtaa wa chini ukakosa maji. Shangazi akauliza kompyuta inataka maji ya nini. Ramani akaeleza kwamba zikifikiri sana hupata joto, zinapozwa kwa maji. Shangazi akatafakari, kisha akasema basi ni ng'ombe huyo, anakunywa mto mzima na maziwa anapeleka kwa tajiri. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

Mbishi hakucheka. Alikuwa ameamua kunyamaza, asiwaharibie siku. Isitoshe, kinyongo kilimkaa rohoni: ni hawa hawa waliochagua viatu laini.

Ikafika zamu ya kupiga kura. Hapo kila mtu hufumba ngumi, ndani mna harage kama anakubali, kokoto kama anakataa, na wote hufumbua kwa pamoja. Shangazi ana tabia ya kushika vyote viwili ili aangushe kimoja akishaona mambo yamekaaje. Keshakamatwa mara nyingi na haoni haya. Swali lilikuwa kama waache mtaa mmoja uzame ili mingine ipone. Ngumi zikafumbuliwa. Maharage matatu, na kokoto la Mbishi.

Basi Shangazi akachukua kifungo kimoja cheusi cha koti, kikubwa, kilichomeguka pembeni, akakisukuma mbele ya Mbishi. Hiyo ndiyo sheria ya meza yake, na ni kongwe kuliko mchezo. Kiwandani kwao, akina mama walipokutana, aliyebaki peke yake aliwekewa kifungo hicho mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kuamua lolote mpaka asikilizwe kwanza. Si kwamba yeye ndiye mwenye haki. Ni kwamba huenda anaona kitu ambacho wengine hawajakiona, na mtu aliye peke yake huwahi kukata tamaa.

Mbishi alikitazama kile kifungo, na machozi yakamlengalenga. Hakuzungumzia mtaa wala mto. Akawaambia yote: ujumbe, Jumatatu, muuza duka na miguu yake. Akamaliza kwa kusema hawalaumu, kila mtu na maoni yake, ila imemuuma.

Mwalimu ndiye aliyeanza, na sauti yake haikuwa ile ya darasani.

"Mimi nililitaka la pili," alisema. "Nikajiuliza wenzangu watachagua lipi, nikaona la adabu ndilo watakalochagua. Nikalibofya nisibaki peke yangu."

Ramani akashika kichwa. Na yeye ni hivyo hivyo, neno kwa neno. Alimfikiria Mwalimu, akasema mtu mzima yule lazima atachagua la kutabasamu.

Shangazi akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama watoto waliomwaga uji. "Sasa la kwanza alilichagua nani?"

Hakuna aliyelitaka. Bendera hufuata upepo, lakini hapa upepo wenyewe haukuwepo; bendera zilikuwa zinafuatana. Shangazi akaanza kucheka, na kicheko chake huambukiza, wakajikuta wote wanacheka huku wanafuta macho. Mchezo ukasahaulika, mji wa boksi ukazama wote. Walipokusanya vipande kifungo hakikuonekana. Shangazi akalalamika kwamba nyumba ina wezi, na kwa kuwa mwizi mkuu ni yeye, hakuna aliyemjali.

Jumatatu wakasimama mbele ya msimamizi. Nasema wakasimama kwa sababu ofisi ile ilikuwa na kiti kimoja, cha mwenyewe. Mikutano ya wima huisha upesi, ndivyo alivyofundishwa. Hakuwa mtu mbaya. Naye alianzia kwenye skrini kama wao kabla ya kupandishwa. Akaanza kumsifu Mbishi, bidii yake, nidhamu yake, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mpaka akalifikia lile "lakini".

Hapo Ramani akapeleka mkono kifuani. Kwenye shati lake lililopauka, katikati ya vifungo vidogo vyeupe, kilikuwepo kimoja kikubwa cheusi kilichoshonwa hovyo hovyo, kwa mkono wa mwanamume asiyejua sindano. Akakivuta, uzi ukakatika. Akakiweka mezani mbele ya Mbishi.

"Samahani, mkuu," alisema. "Kwetu aliye peke yake husikilizwa kwanza."

Msimamizi akakitazama kifungo, akamtazama Ramani na shati lililoachama. Mbishi akapiga moyo konde. Alieleza habari za muuza duka bila haraka. Mwalimu akaongeza kwamba yeye na Ramani waliogopa, na kwamba mashine imefundishwa woga wao, si maoni yao. Kisha akauliza, kwa heshima zote, jibu lile la kwanza nani aliliidhinisha kuwa ndilo sahihi.

Msimamizi akajikuna shingo.

"Mimi," alisema. "Niliona ninyi wengi mmelichagua."

Akainuka, akatoka. Mbishi akajua ameenda kumwita mlinzi. Nje kikasikika kitu kinakwaruza sakafu. Msimamizi akarudi anavuta viti, viwili mkono huu na kimoja mkono ule, jasho linamtoka.

"Kaeni," alisema. "Na wewe, dada, kazini kwako umebaki. Nielezeni tena polepole, maana huko juu nitaenda kusema peke yangu." Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama anaweza kuazima kile kifungo.

Jioni Mbishi alimkuta Shangazi kakaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akamsimulia yote. Shangazi akanung'unika kwamba kifungo chake kimeenda kwa mabosi, na mali ikienda kwa mabosi hairudi. Halafu akauliza walikuwa wamekaa au wamesimama.

"Mwishoni tulikaa. Alituletea viti mwenyewe."

Shangazi akaitazama miguu yake. Viti vya kiwandani kwao waliviomba mwaka hadi mwaka, na vilipokuja, miguu yake ilikuwa imeshaharibika. Waliovikalia ni wasichana waliokuja nyuma yake.

Mbishi akapiga magoti sakafuni, akaingiza mikono kwenye beseni, akaanza kumkanda miguu. "Shangazi," alisema, "asante kwa kile kiti nilichokalia leo."

Shangazi akamwambia aongeze maji ya moto, hayo yameshapoa.